Siku ya sinodi: kura isiyo na wino

Saa 11 alfajiri. Naamka kabla ya kengele ya Misa. Mimi ni karani wa kura katika sinodi, yaani mkutano mkuu wa dayosisi yetu, huku Masasi. Chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha, kisha nabeba masanduku mawili, moja la mapadri na jingine la walei, yaani waumini wa kawaida. Baba Askofu hana sanduku. Yeye hutoa ridhaa yake mwishoni.

Saa 3. Kuhesabu akidi, yaani kama wajumbe wanatosha kuanza kikao. Wajumbe wa Lukuledi wamechelewa, tunawasubiri. Kusubiri ndiyo nusu ya kazi yangu.

Saa 5. Hoja ya kurekebisha katiba: walei wapunguzwe kutoka watatu hadi wawili kwa kila parokia. Gharama za nauli, wanasema. Ubishi wake ungeangua korosho. Marekebisho ya katiba yanataka theluthi mbili ya waliopiga kura, na kila nyumba, ya mapadri na ya walei, inahesabiwa peke yake.

Saa 7. Kura ya siri. Nagawa kalamu nilizonunua jana sokoni, za bei ya chini kabisa.

Saa 8. Mapadri 30, wote ndiyo. Walei: ndiyo 28, hapana 14, na karatasi moja nyeupe. Nikiiacha kando, 28 kati ya 42 ni theluthi mbili kamili, hoja imepita. Nafurahi, maana njaa inauma. Padri mmoja msimamizi anaichukua ile karatasi, anaiinamisha dirishani. "Karani, njoo uone." Kwenye kisanduku cha hapana pana mkwaruzo wa alama ya vema, umezama kabisa kwenye karatasi. Mtu alikandamiza kalamu kwa nguvu zote, wino haukutoka.

Saa 9. Mwanasheria wa dayosisi anasema nia ya mpiga kura inaonekana, kwa hiyo ihesabiwe. Sasa ni 28 kati ya 43, na theluthi mbili inataka 29. Hoja imeanguka.

Bibi mmoja ananikamata mlangoni. "Mwanangu, ndiyo 58, hapana 15, halafu mnasema hoja imeanguka?" Namsimulia ya sinodi ya Kanisa la Uingereza, Novemba 2012, hoja ya wanawake kuwa maaskofu. Maaskofu walikubali 44 kwa 3, mapadri 148 kwa 45, walei 132 kwa 74. Kwa walei zilipungua kura 6 tu kufikia theluthi mbili, ikafa. Ikapita Julai 2014.

"Kwa hiyo walei ndio wenye breki?"

"Kila nyumba ina breki yake, Bibi."

"Haya. Mimi ndiyo hiyo kura yako isiyo na wino. Kalamu gani zile?"

Kumbe!

Saa 12 jioni. Naandika kumbukumbu. Bei ya kalamu siiandiki.