Dar hadi Nairobi, oringi mfukoni

Saa kumi na moja alfajiri stendi ya Magufuli pale Mbezi imeshachangamka kama soko la samaki. Wapiga debe wawili waligombania begi langu mpaka nikawaonyesha tiketi. Mzigo wangu ulikuwa begi moja na kompyuta mpakato, na mfukoni mwa koti oringi, pete ya mpira mweusi ya kuzibia hewa, ukubwa wa bangili ya mtoto.

Oringi hiyo ndiyo iliyoniondoa chuoni. Miaka sita nilikuwa natengeneza tando za kunasia jua: unaweka kipande cha kioo ndani ya chungu cha chuma, pampu inanyonya hewa mpaka linabaki ombwe, kisha unakipaka metali kwa unene wa nanometa mia chache. Unywele wa mtu ni nanometa 80,000 hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Hewa ikipenya kidogo tu, kazi ya siku nzima inageuka kutu. Oringi ya mlango ilipochanika, niliandika maombi. Manunuzi wakataka ankara tatu, na muuzaji lazima awe kwenye mfumo. Ikapita miezi saba. Nikashuka madukani Gerezani, nikaipata kwa shilingi elfu nne, nikarudi nayo mbio. Nikaambiwa siruhusiwi kuifunga kwenye kifaa cha chuo kwa sababu haina stakabadhi inayotambulika.

Wiki ileile kampuni moja ya Nairobi, inayouza taa za sola kwa mkopo, ikanijibu kwamba inahitaji mtu wa kusoma takwimu za betri. Mzee aliyenisimamia shahada ya uzamivu alisikiliza, akavua miwani. "Kwa hiyo unakwenda kuuza taa," akasema.

Sikumjibu, ila njiani nilimjibu sana kichwani. Seli ya sola ya silikoni tunayoijua leo haikuzaliwa chuoni. Mwaka 1954 Chapin, Fuller na Pearson waliitangaza katika maabara ya Bell huko Marekani, maabara ya kampuni ya simu, na chanzo chake kilikuwa shida ya kampuni: betri za kawaida zilikuwa zinaharibika upesi kwenye maeneo ya joto na unyevu. Seli yao iligeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Nilikuwa nafundisha habari hiyo kila mwaka, na kila mwaka niliruka sehemu ya kampuni ya simu.

Kibaha, Mlandizi, Chalinze. Nililala. Nilizinduka kwenye mashamba ya mkonge, konda akitangaza dakika kumi za kuchimba dawa, na mama wa kiti cha jirani ananisukumia mfuko wa machungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kula, safari bado."

Alikuwa anarudi Marangu. Aliponiuliza kazi nikasema taa za sola, nikidhani nimerahisisha mambo. Akageuka mwili mzima.

"Nyie ndio mnaozizima?"

Nikakosa pa kutazama. Kweli taa hizo zina simkadi ndani, usipolipa, zinajifunga. Yeye alichelewa siku mbili, taa ikamwacha gizani na wajukuu wana mitihani. Nikamwambia mimi nakwenda kupima betri tu, na nilipojisikia nikisema "tu" nikaona haya. Yule mama hakukomea hapo. Sasa analipa vizuri, akasema, lakini zamani taa iliwaka mpaka asubuhi, siku hizi saa tatu usiku imezima. Fundi anadai betri imekufa.

"Paneli iko wapi, mama?"

"Juu ya banda la ng'ombe."

"Na banda limezungukwa na nini?"

Akacheka. "Kwetu kuna nini zaidi ya migomba?"

Nikachora nyuma ya tiketi. Seli za paneli zimefungwa mfululizo, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo kuzima moto: mmoja akisinzia, ndoo zote zinasimama. Jani moja la mgomba likiangukia seli moja, paneli nzima inadhoofu, hata kama kwingine jua linawaka. Mama akaichukua tiketi, akaikunja, akaitia kwenye pochi. Alishuka Himo bila kuaga sana, ana haraka ya gari la Marangu. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu.

Baada ya Arusha nchi inafunguka, na mlima Longido unasimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Namanga tulifika jioni. Siku hizi ni jengo moja: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia humohumo. Ofisa aliniuliza kazi, nikasema mwanafizikia. "Hospitali gani?" Nikamweleza. Akagonga muhuri bila kusadiki.

Nairobi tuliingia saa nne usiku, baridi inapenya koti. Mji uko juu ya mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, nami nilikunywa chai ya kwanza nikiihesabia nyuzi sita zilizopungua. Ugonjwa huo hauponi kwa kubadili mwajiri.

Asubuhi ofisini nilipewa dawati dirishani na kijana wa kunielekeza. Kwenye kioo cha kompyuta alinifungulia mistari ya grafu, mstari mmoja kwa kila taa, maelfu. Chuoni nilikuwa nikipata vipimo kumi kwa mwezi, pampu ikiwa nzima. Akanionyesha kundi lenye alama nyekundu.

"Hizi ni betri zimekufa. Tunazibadilisha."

Nikausogelea mmoja. Umeme wa kuchaji ulipanda tangu jua kuchomoza, ukaporomoka saa tatu, ukarudi juu saa tano. Jana yake hivyohivyo. Juzi hivyohivyo. Betri iliyokufa haijui saa.

"Huyu mteja yuko wapi?"

Akabofya. "Meru."

"Meru kuna migomba?"

"Mingi sana," akasema. "Kwani?"