Jinsi nilivyokiimarisha kigawa kumbukumbu cha kerneli ya Linux

Mashine niliyokuwa nikiitunza ilikuwa ikizima ghafla, na kila mara kosa lilitokea mahali tofauti ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Niliiwasha upya kwa kigezo `slub_debug=FZPU`, ambacho hujaza kila kitu (kipande cha kumbukumbu) kilichoachiliwa kwa baiti za 0x6b na kukumbuka ni nani aliyekiomba na ni nani aliyekiachilia. Baada ya muda ripoti ilitokea: katikati ya mistari ya 6b 6b 6b kulikuwa na baiti nne za 00, ishara kwamba kuna kilichoandika humo baada ya kumbukumbu kuachiliwa. Kiendeshi cha kifaa kilikuwa kikiachilia kumbukumbu kabla ya kusimamisha kipima muda chake, nacho kiliendelea kuandika humo. Nikabadilisha mpangilio huo, na mashine ikatulia.

Hata hivyo sikuridhika, kwa sababu kosa la namna hiyo ndilo mshambulizi analolitafuta. SLUB, kigawa kumbukumbu cha kerneli, huhifadhi kielekezi (anwani) cha nafasi tupu inayofuata ndani ya kitu chenyewe kilichoachiliwa. Anayeweza kukiandika upya huielekeza kerneli itoe kumbukumbu popote anapotaka. Kwa hiyo niliijenga kerneli upya nikiwa nimewasha `CONFIG_SLAB_FREELIST_HARDENED`, ambayo huchanganya kielekezi hicho kwa XOR (operesheni ya biti) na namba ya siri ya kila hifadhi, yaani kundi la vitu vya aina moja, pamoja na anwani kinapokaa. Niliongeza `slab_nomerge`, ili vitu vya aina tofauti visichangie hifadhi moja, na `init_on_free=1`, inayofuta data mara inapoachiliwa. Hiki cha mwisho hupunguza kasi, lakini naona gharama hiyo inastahili.