Barua ya kazi kwanza, darasa baadaye: nilivyoanza Minnesota nikitoka Nakuru

Ushauri niliopewa na watu wengi kabla sijaondoka Nakuru ndio uliokuwa mbaya kuliko wote: "Ukifika Marekani, lipia kozi ya CNA, yaani ya usaidizi wa muuguzi, kwanza. Kazi utatafuta ukishapata cheti." Walionambia hivyo walinitakia mema, na baadhi yao wamekaa kule miaka mingi. Lakini mpango huo umewatoa watu wetu pesa nyingi ambazo sheria ya Marekani yenyewe inasema hawakupaswa kuzitoa. Mimi niliugeuza. Nilipata barua ya kazi kabla sijafungua kitabu, na darasa nikasoma bure. Najivunia jambo hilo, na ningependa kila mtu wa Nakuru, Kisumu au Kakamega anayepanda ndege bila kazi mkononi ajue lilivyofanyika.

CNA ni msaidizi wa muuguzi. Ndiye anayewaosha wazee, kuwavisha, kuwalisha, kuwageuza kitandani na kuwapeleka msalani. Haihitaji digrii, na nyumba za wazee hazikosi nafasi. Ndiyo maana Wakenya wengi wa Minnesota, hasa wale wa kutoka Kisii, wameanzia hapo.

Nianze na huku nyumbani, kwa kuwa pesa huanza kupotea hapahapa. Kuna vyuo mjini vinavyouza kozi ya kutunza wazee kwa ahadi kwamba cheti chake kinakubalika Marekani. Kwa kazi ya CNA, jimbo linatambua tu mafunzo yaliyoidhinishwa na jimbo. Kiwango cha chini cha sheria ya taifa ni saa 75, na kati ya hizo angalau 16 ni za vitendo chini ya usimamizi. Cheti cha Nakuru hakitakuingiza kwenye rejista ya huko, yaani orodha ya jimbo ya wasaidizi wa wauguzi waliofuzu, hata kiwe na mihuri mitatu. Ukikisoma upate mazoea, sawa. Ukikisoma ukidhani kitakuajiri, umelipa mara mbili.

Pesa hizo ziweke kwenye karatasi. Beba cheti halisi cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), leseni ya kuendesha gari, barua ya mwajiri wako wa mwisho yenye nembo na tarehe za kuanza na kuacha, na kila karatasi ya chanjo uliyopewa kwenye uchunguzi wa afya wa viza kule IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), Nairobi. Kama ulisoma Egerton au chuo kingine, chukua matokeo yako yakiwa kwenye bahasha iliyofungwa na chuo, na usiifungue. Wauguzi waanze mambo yao ya Baraza la Wauguzi wangali nchini, kwa sababu kufuatilia faili la Nairobi ukiwa Minneapolis ni kazi ya kuchosha. Tena kagua majina yako. Ikiwa KCSE ina majina matatu na pasipoti ina mawili, au mpangilio ni tofauti, rekebisha kabla ya safari. Fomu za kule zina nafasi ya jina la kwanza, la kati na la mwisho, na utakalojaza siku ya kwanza ndilo litakalokufuata benki, kodi ya mapato na kwenye rejista.

CV yetu ya Kenya haifai kule. Ondoa picha, dini, umri, hali ya ndoa na namba ya kitambulisho. Ukurasa 1 unatosha. Majina ya wadhamini, yaani watu watakaoulizwa habari zako, yaandike kwenye karatasi ya pembeni, na uwape taarifa mapema kwamba watatafutwa. Minnesota iko nyuma yetu kwa saa 8 majira ya joto na saa 9 majira ya baridi. Mtu wa ofisi akipiga simu baada ya chakula chake cha mchana, Nakuru ni usiku na mdhamini wako amezima simu. Kwa hiyo toa barua pepe ya kazini, si namba tupu, na namba yenyewe ianze na +254.

Sasa jambo la muhuri, ambalo huwaweka watu kwenye kochi la mwenyeji wao wiki baada ya wiki. Utaambiwa usiombe kazi mpaka Green Card (kadi ya ukazi wa kudumu) na kadi ya Social Security (yenye namba yako ya kazi na kodi) zije. Si kweli. Kama umeingia kwa viza ya uhamiaji, iwe ya bahati nasibu au ya familia, viza hiyo ikishapigwa muhuri uwanja wa ndege ni ushahidi wa ukazi wa kudumu kwa mwaka 1. Maneno hayo yamechapwa kwenye viza yenyewe, juu kidogo ya ile mistari ya herufi inayosomwa na mashine. Kabla hujaondoka kwenye dirisha la afisa, hakikisha muhuri umepigwa na tarehe inasomeka.

Nilipeleka pasipoti hiyo kwenye ghala moja la kupakia mizigo. Yule dada wa mapokezi alifungua, akatazama, akasema wao huwarudisha watu wasio na kadi ya plastiki. Nilimweleza, hakusikia. Nikaenda maktaba ya umma, ambako kompyuta ni za bure, nikachapa ukurasa wa mwongozo wa waajiri wa idara ya uhamiaji, ule wa M-274, unaoonyesha picha ya viza kama yangu ndani ya Orodha A ya fomu ya I-9, ile ambayo mwajiri hujaza kuthibitisha kwamba una ruhusa ya kufanya kazi. Orodha A maana yake ni kwamba hati hiyo moja inathibitisha wewe ni nani na kwamba una ruhusa ya kufanya kazi, hivyo huhitaji nyingine. Tena ni mfanyakazi anayechagua hati ya kuonyesha kutoka kwenye orodha, na mwajiri haruhusiwi kulazimisha kadi fulani. Ghala lile halikunichukua, lakini ukurasa ule niliukunja ndani ya pasipoti, na kila nilipoingia ofisi nyingine niliutoa pamoja na pasipoti kabla ya kuulizwa. Hakuna aliyebishana tena. Watu wa ofisi hawana ubaya. Wengi hawajawahi kuiona viza hiyo, na wanaogopa kukosea. Ukiwapa karatasi ya serikali yao wenyewe, hofu inaisha.

Namba ya Social Security ni jambo lingine. Kama kwenye DS-260, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza ya uhamiaji, ulikubali utengenezewe, kadi huja kwa posta, kwa kawaida ndani ya wiki 3. Mwajiri anaweza kukuanzisha kazi huku mkiisubiri, hata yule anayetumia E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi mtandaoni. Yeye huchelewesha tu kukuingiza kwenye mfumo. Ila bandika jina lako kwenye sanduku la barua la mwenyeji wako siku ya kwanza. Barua ya jina geni inaweza kurudishwa ilikotoka. Green Card yenyewe haitengenezwi hadi ulipe ada ya uhamiaji mtandaoni, dola mia mbili na kitu, kwa hiyo lipa kabla ya kusafiri.

Niingie kwenye mbinu yenyewe. Sheria ya taifa inayosimamia nyumba za wazee inasema hivi: mtu ambaye siku anapoanza mafunzo tayari ameajiriwa na nyumba ya wazee kama msaidizi wa muuguzi, au ameahidiwa kazi hiyo, hatozwi chochote. Si ada, si vitabu, si mtihani. Aliyejilipia kwanza kisha akaajiriwa ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza ana haki ya kurudishiwa, lakini hurudishiwa kidogokidogo kadiri anavyoendelea kufanya kazi. Yote inategemea tarehe. Barua ya kazi ikitangulia darasa hata kwa siku moja, unasoma bure. Darasa likitangulia barua, unaweza kutoa dola elfu na zaidi mfukoni, kisha unazisubiri zirudi.

Sharti hilo linazihusu nyumba zilizoidhinishwa na Medicare au Medicaid, mipango ya serikali ya kulipia matibabu. Haliwahusu wenye nyumba ndogo za watu wanne wanne, wala makao ya wazee wanaojitegemea. Kuzitambua ni rahisi: tovuti ya Medicare ina sehemu iitwayo Care Compare. Ukiandika namba ya posta ya unakoishi, inakuonyesha nyumba zote zilizoidhinishwa na umbali wake. Niliziandika kwenye daftari, nikafungua ramani ya mabasi, nikafuta kila nyumba ambayo basi halifiki alfajiri. Wengi huruka hatua hii, kisha wanaacha kazi mwezi wa kwanza. Shifti nyingi huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nane na nusu mchana na saa nne na nusu usiku. Wikendi mabasi hupungua. Kazi nzuri usiyoweza kuifikia Jumapili alfajiri bila kuomba lifti haitakufaa hadi upate gari.

Zilizobaki nilizitembelea mwenyewe. Maombi ya mtandaoni ya mtu asiye na cheti wala uzoefu wa kule huchujwa kabla hayajasomwa. Nenda siku ya katikati ya wiki, kati ya saa saba na saa nane mchana, wakati chakula kimeshatolewa na shifti haijabadilishana. Uliza mtu wa HR (ofisi ya kuajiri) au mkurugenzi wa wauguzi. Sema kwa ufupi: nina ruhusa ya kufanya kazi kuanzia leo, sina cheti bado, je, mnawafundisha wanaoanza? Kisha toa kitu wanachokihitaji, maana karibu kila nyumba hutaka mfanyakazi afanye wikendi moja, apumzike moja. Ukisema mwenyewe kwamba wikendi unaweza, na shifti ya jioni unaweza, sura zinabadilika.

Wakikubali, omba barua. Barua ya maana ina cheo cha msaidizi wa muuguzi, malipo kwa saa, tarehe ya kuanza, na sentensi inayosema nyumba ndiyo inayolipia mafunzo na mtihani. Angalia tarehe ya juu, ni lazima iwe kabla ya siku ya kwanza ya darasa. Wengine watakutaka usaini kwamba utakaa nao miezi kadhaa. Soma kabla ya kusaini, na uulize utadaiwa nini ukiondoka mapema.

Kabla ya kuanza watakupima kifua kikuu, na hapa Wakenya wengi hukwama. Sisi tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni. Kwa kipimo cha sindano ya mkononi, kinachosomwa baada ya saa 48 hadi 72, mkono unaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo tu. Ukivimba, unaanza kupelekwa eksirei na kazi inasimama. Waambie mapema kwamba una BCG na uombe kipimo cha damu, kwa kuwa hicho hakidanganywi na chanjo hiyo. Pamoja na hilo kuna alama za vidole na uchunguzi wa historia yako, unaoanzishwa na mwajiri.

Darasa halina ugumu kwa mtu aliyesoma sekondari Kenya. Mtihani wa maswali si tatizo, wa vitendo ndio huangusha watu, nao huwaangusha kwenye vitu vidogo. Mfano ni kumtoa mzee kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Kiti kinawekwa upande wake wenye nguvu. Breki zote mbili zinafungwa. Vibao vya miguu vinasukumwa kando. Kitanda kinashushwa mpaka nyayo zake ziguse sakafu, na viatu visivyoteleza vinavaliwa kabla hajasimama. Mkanda wa kumshikia unafungwa kiunoni juu ya nguo, ukibana kiasi cha kupitisha vidole viwili. Unamwambia mtasimama mkihesabu tatu, mnahesabu, mnasimama. Watu huyajua yote hayo, lakini mbele ya mtahini breki moja inasahaulika, na hapo umeanguka, kwa sababu kiti kikirudi nyuma mzee anavunjika nyonga.

Nilifanya mazoezi jioni kwa binamu yangu, leso ikiwa ndiyo mkanda, nikitaja kila hatua kwa sauti. Kutaja kwa sauti kunasaidia mara mbili: hukumbuki breki tu, pia unazoea kumweleza mgonjwa unachofanya, jambo ambalo lina alama zake. Kila zoezi lianze kwa kubisha, kujitambulisha na kuvuta pazia, limalizike kwa kitanda kushushwa, kitufe cha kuitia msaada kikiwa karibu na mkono wake, na mikono kuoshwa. Mikono isuguliwe kwa sabuni angalau sekunde 20, vidole vikielekea chini, na bomba lifungwe kwa karatasi kavu.

Wengine watakuomba ufanye kazi ya pesa taslimu wakati unasubiri. Kataa. Mwenye nyumba ya kupanga atataka kuona stakabadhi za mshahara, na pesa taslimu haziachi karatasi. Jitayarishe pia kwa pengo la mwanzo: malipo ni kila wiki 2, lakini hundi ya kwanza inaweza kufika wiki ya tatu au ya nne, kwa hiyo weka nauli ya basi na pesa za chakula cha mwezi kando na zile za kodi ya nyumba.

Kwa ambaye tayari amejilipia kozi, bado hajapoteza. Atunze risiti ya darasa na ya mtihani, ajiriwe na nyumba iliyoidhinishwa kabla ya miezi 12 kuisha, na aulize HR juu ya kurudishiwa wiki anayoanza. Wengi hawatakutajia usipouliza. Na ukiwa kwenye rejista, usiache miezi 24 ipite bila angalau saa 8 za kazi ya uuguzi inayolipwa, la sivyo jina linaondoka na unarudi kufundishwa au kupimwa upya. Ukija likizo ndefu huku Nakuru, piga hesabu hiyo kabla ya kukata tiketi.