Shadda ya Kiitaliano

Jana binti yangu alikuwa akijifunza Kiitaliano kwa simu. Kila akitamka, alama ya kijani inatokea. Akaniuliza, "Mama, nyinyi mlijifunzaje bila intaneti?"

Mjomba alikuwa na kazi Ngomeni, kule San Marco, Waitaliano walikorusha satelaiti kutoka baharini tangu 1967 hadi 1988. Kazi ilipokwisha, alirudi nyumbani Malindi na kaseti za masomo alizoachiwa na fundi mmoja. Mji mzima ulikitaka Kiitaliano wakati huo: wahudumu wa hoteli, wauza vinyago, mabaharia wa kupeleka wageni matumbaweni. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na kazi sina.

Niliipenda kaseti kwa sababu haichoki. Nairudisha nyuma, inasema tena kwa sauti ileile, hainuni wala hainicheki. Irabu hazikunisumbua, maana maneno ya Kiitaliano mengi huishia kwa irabu kama yetu. Nikajiona nimefika.

Alasiri moja nilianua betri nilizozianika ukutani zipate nguvu kidogo, nikatia kaseti tupu. Nikabonyeza vitufe viwili pamoja, kile chenye doa jekundu na cha kuchezea, nikasoma sentensi ya mtoto na mpira. Kisha nikasikiliza. Sauti ilikuwa nyembamba, ngeni, sikuamini ni yangu. Nikaweka kaseti ya mwalimu, nikabadilisha, nikabadilisha tena. Kuna kitu hakikulingana na sikukijua ni kipi. Mwalimu anasema "palla", mpira. Mimi nasikika nikisema "pala", sepetu, na sikio langu halioni tofauti.

Bibi alikuwa barazani akisuka ukili. Hajui Kiitaliano hata salamu.

"Hebu rudisha," akasema. Nikarudisha. "Huyo mwanamume anatia shadda. Wewe huitii."

"Shadda, Bibi? Ile alama ya Kiarabu ya kukaza herufi isomeke mara mbili? Hiki si Kiarabu."

"Chuoni, kwenye Kurani, ulisoma Rabi au Rabbi? Kaa juu ya herufi, kisha uiachie."

Nikakaa juu ya herufi. Palla. Nikarekodi tena, tukasikiliza wote wawili, na safari hii nikaisikia waziwazi. Tuliendelea mpaka betri zikafa na sauti ya mwalimu ikawa nzito kama ya mlevi.

Hotelini nilipata kazi mwaka uliofuata, na shadda zangu wageni walizisifu. Bila kaseti nisingejisikia kosa. Bila Bibi ningelisikia tu nisijue la kufanya. Simu ya binti yangu inafanya yote mawili, nadhani. Ila nimemwomba azime ile alama ya kijani, anisomee mimi kwanza.