Mashine ya presha

Mashine ya presha niliinunua Kariakoo kwa shilingi 65,000. Mke wangu akadhani nitaipeleka Tanga kwa mama. Sikumkatalia. Nina miaka 34, presha sijawahi kuambiwa ninayo, ningeanzia wapi kumweleza kwamba nimeinunua kwa sababu kila usiku nakufa?

Mambo yalianzia kwenye basi, asubuhi, kati ya Magomeni Mapipa na Jangwani. Nimesimama, nimeshika bomba kama siku zote, nawaza hesabu za stoo. Moyo ukaanza kwenda mbio kama nimetoka kufukuzwa. Jasho likanitiririka mgongoni, vidole vikafa ganzi, midomo nayo ikawa kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Hewa inaingia lakini haishibishi. Nikawaza: nafia humu, na simu nimeiloki, nani atampigia mama Nasri? Nikateremka kituo cha Fire, nikakaa ukingoni mwa barabara. Baada ya muda likapita. Nikaenda kazini, nikafungua stoo, sikumwambia mtu.

Lilipojirudia mara ya tatu nikaenda hospitali. Wakanibandika waya kifuani, wakapima umeme wa moyo, wakatoa na damu. Kila kitu kizima. Daktari akatabasamu: "Moyo wako hauna shida, kijana. Una mawazo tu."

Hilo "tu" lilinitesa kuliko ugonjwa. Nilirudi nyumbani na mapigo yaleyale, nikiwa nimeongezewa na aibu.

Basi ndiyo nikanunua mashine. Na nikaacha kupita Jangwani ndani ya basi: nateremka Mapipa, namalizia kwa miguu hadi Kariakoo, iwe jua, iwe mvua. Fundi viatu wa pale mtaani ndiye wa kwanza kuniuliza kama siku hizi nimekuwa mmachinga.

Usiku ndiyo ulikuwa mbaya zaidi. Saa nane nagutuka, moyo uko kooni. Naivuta mashine chini ya kitanda, najifunga kile kitambaa mkononi, nabonyeza. Kinajaa, kinabana, kinalegea polepole, namba zinashuka zikiyumba. 148 kwa 92. Hapana, nilikaa vibaya. Napima tena: 155. Natulia, nahesabu hadi ishirini, napima tena: 163. Kuna usiku nilipima mara kumi na moja. Mke wangu akageuka gizani akasema, "Baba Nasri, hiyo ya mama itachakaa kabla hajaiona." Hakusema zaidi. Nikajua amejua.

Mama naye, nilipomgusia kwa simu, aliuliza kwanza kama kazini kuna mtu nimegombana naye. Kisha akanitumia kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, kwenye chupa, kwa dereva wa basi la Tanga. Nililinywa. Silidharau hata leo, maana usiku ule nililala nikijua kuna mtu mbali ananiwaza. Ila keshokutwa yake saa nane nikawa macho tena. Nikawa nalala na An-Nasi mdomoni, ile sura tuliyoihifadhi chuoni tungali wadogo, na ndani yake mnong'onezaji anaitwa al-waswasi. Wasiwasi wetu huu tunaousema kila siku umetoka huko. Kumbe nimekuwa nikimtaja kwa jina tangu utotoni.

Rafiki mmoja alinipa vidonge vya usingizi alivyonunua dukani bila cheti. Wiki mbili nililala kama gogo, nikiamka kichwa kizito. Nilipoviacha, usingizi ukakata kabisa kuliko mwanzo. Sirudii, na sikushauri. Dawa zenyewe zipo, na wapo wanaoandikiwa na daktari wa akili za kunywa kila siku kwa miezi, zikawasaidia vizuri. Mimi sikuandikiwa, na si kwamba nina ujasiri kuwazidi.

Aliyenifungua macho ni mwanasaikolojia, dada mmoja mpole mwenye kalamu ya kijani. Nilichelewa miezi mitano kwenda kwake kwa sababu nilijua watu watasema nimeshafika Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikamsimulia yote. Hakunipa pole. Akasema, "Kaka, simama. Pumua haraka haraka kwa mdomo, kwa nguvu, mpaka nikwambie basi."

Nilifikiri ananitania. Haikufika dakika mbili, vidole vikaanza ganzi, midomo ikachonyota, chumba kikazunguka. Vilevile kama Jangwani! Nikashika meza. Yeye ametulia anaangalia saa yake ya mkononi. "Sasa niambie, hapa umepatwa na ugonjwa gani?"

Ukipumua kupita mahitaji, alinieleza, unafukuza hewa ya ukaa kwenye damu, na ikipungua ndipo ganzi na kizunguzungu vinapokuja. Hakuna kilichoharibika. Mwili unajiandaa kukimbia simba ambaye hayupo. Kisha akanichorea duara kwa ile kalamu ya kijani: moyo unadunda, wewe unasema "nakufa", unaogopa, moyo unadunda zaidi. Akasema kuna mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliyeliandika jambo hili mwaka 1986: kinachowasha moto ni ile tafsiri tunayoupa mwili. Hofu yenyewe hupanda hadi kileleni ndani ya dakika kumi hivi, halafu hushuka, hata ukiiacha tu. Kisha akachora mshale, akauliza, "Na mashine yako inaingia wapi hapa?"

Sikujibu. Ilikuwa inaingia kila mahali.

Mashine ikaenda kabatini. Saa ya ukutani ikahamia sebuleni, maana nayo nilikuwa naihesabia usiku: zimebaki saa tatu, zimebaki mbili. Nikapewa na sheria za kitanda, ambazo asili yake ni Mmarekani Richard Bootzin, mwaka 1972. Usiingie kitandani mpaka usinzie. Ukiona usingizi hauji, ondoka chumbani, kafanye kitu cha kuchosha kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Na amka saa ileile kila siku, hata kama umelala robo saa. Mimi ni saa kumi na moja, Jumapili ikiwemo.

Sitadanganya, wiki mbili za kwanza zilikuwa adhabu. Nilisinzia juu ya daftari la stoo mpaka bosi akauliza kama mke wangu amejifungua. Na kilichoniuma kuliko vyote ni kahawa. Kijiweni kwetu tunakaa baada ya swala ya Isha, vikombe vile vidogo, kashata, ubishi wa Simba na Yanga. Nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Kahawa ya saa mbili usiku, saa saba bado imo nusu yake, na mimi nilikuwa nashusha vikombe vinne. Siku hizi nakula kashata na maji. Wananicheka.

Kitu cha kuchosha nilichochagua ni mchele. Saa nane usiku, kiti cha plastiki, ungo mapajani, taa ya jikoni inaangaza kwa mbali, nachambua mawe na chuya punje kwa punje. Macho yakianza kuuma, narudi kulala. Jirani alimsifu mke wangu kwamba pilau lake halina hata jiwe.

Jangwani nako nilirudi kwa vipande. Kituo kimoja wiki ya kwanza, viwili ya pili. Masharti: likianza, usiteremke. Lilianza mara nyingi. Nilishika bomba nikasoma matangazo yote ya ndani ya basi hadi nikayajua kwa moyo.

Juzi lilikuja tena usiku, lile kubwa, baada ya wiki kadhaa za amani. Sijui kwa nini. Nikajikuta nimepiga magoti mbele ya kabati, nimejifunga kitambaa mkononi, nabonyeza. Kimya. Nabonyeza tena. Nikaigeuza, nikafungua kifuniko cha nyuma: patupu.

"Betri alichukua Nasri za gari lake," sauti ikatoka kitandani. "Mwezi sasa. Hukujua?"

Nikabaki pale chini, kitambaa kimelegea mkononi. Halafu nikaenda jikoni. Mchele ulikuwa umekwisha. Nikachambua maharage.