Pauni 85 kwa bushi moja

Mwaka jana bushi ya gurudumu la kigari cha mtoto wangu iliisha. Ni kipande cha shaba ya manjano kinachokaa kati ya gurudumu na mhimili wake, hakizidi kidole gumba. Nikakipeleka kwenye karakana moja ya vyuma hapa Sheffield. Bwana wa pale akakigeuzageuza, akabonyeza kompyuta yake, akasema pauni 85, nirudi baada ya siku kumi. Kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba kigari kipya ni pauni 60, hiki nikitupe.

Nilitoka pale moto unaniwaka kifuani. Kule kwetu Lubumbashi, Congo, mtaa unaoitwa Kenya, ningekaa kwenye benchi la turnere, yaani fundi wa kukereza chuma, ningenunua maji ya kifuko, na kabla sijayamaliza bushi ingekuwa kiganjani, bado ya moto. Bei mnaijua. Mji wetu umekulia kwenye mukuba, ile shaba nyekundu, na reli, watu wake hawatupi chuma. Papa yangu alisimama mbele ya mashine ya kukerezea, ile tunayoiita turu, zaidi ya miaka thelathini kwenye karakana za treni. Mimi mtoto wake nilipishwe pauni 85 kwa kitu ambacho yeye angekimaliza akiongea na mgeni?

Nikanunua mashine. Ya mkono wa pili, ndogo, ya kuweka juu ya meza, kilo kama 40, pauni 350. Mke wangu hakusema kitu siku mbili.

Hapa Uingereza kuna watu, wengi wao wazee, wanaotengeneza mashine ndogondogo nyumbani kwa kupenda tu: injini za mvuke, treni za kupanda mtu mzima, saa. Ni mambo ya zamani, gazeti lao la Model Engineer lilianza 1898. Nilipoziona treni zile nikakumbuka njia ya reli yetu iliyofika Lubumbashi mwaka 1910 ikitokea kusini, nikasema mimi naanza na treni. Nikanunua michoro na magurudumu ya chuma cha kumimina, treni ndogo ambayo reli zake zimeachana inchi 5.

Msifanye hivyo. Chuma cha kumimina kina ganda la nje, gumu, lina mchanga ndani yake. Ukilikwaruza juujuu, ncha ya kisu cha mashine inakufa. Lazima kisu kizame chini ya ganda kwa mkato wa kwanza, na mashine ndogo kama yangu haina nguvu hiyo kwenye gurudumu pana. Ilitetemeka mpaka meza ikasogea. Gurudumu moja liliharibika, pesa ya bukari, ugali wetu, ya wiki nzima. Na hata kwa fundi hodari treni kama ile ni kazi ya miaka.

Jioni moja mlango ukagongwa. Jirani, mzee aliyestaafu kazi ya chuma. Nilijua amekuja kulalamikia kelele, nikaanza kuomba msamaha kabla hajafungua mdomo. Alikuwa na ndoo mkononi, imejaa vipande vya fito: shaba ya manjano, aluminiamu, na chuma laini kinachokatika vizuri, kila kimoja kimeandikwa kwa chaki ni kitu gani. Akasema mtu anayeanza asikate chuma asichokijua. Nami nilikuwa nimejaribu kipande cha nondo, kikachanika kama mti mbichi! Miaka sita katika mtaa huu, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwangu. Alikunywa chai, akaangalia mashine, akaenda. Ndoo aliiacha.

Basi nikaanza upya. Kitu cha kwanza: pointo, kile chuma chenye ncha cha kutilia alama kabla ya kutoboa. Kinaonekana kidogo, lakini ndani yake kuna kusawazisha uso, kukereza mwili, kukata mshazari wa ncha. Nilipiga picha ya uso niliousawazisha, nikamtumia papa kule Makomeno. Katikati kulikuwa kumebaki kinundu kama punje ya mtama. Akapiga simu saa hiyohiyo: "Mwanangu, kisu chako hakiko sawa na katikati. Kiinue kidogo." Nikaweka kipande cha bati chini ya kisu, kinundu kikaisha. Kutoka Lubumbashi, kwa picha!

Baada ya pointo nilitengeneza nyundo ndogo yenye kichwa cha shaba, halafu bushi ya kigari. Kila kimoja ni chombo ninachokitumia, na hapo ndipo mwanzilishi achague: kitu kidogo, chenye kazi, ambacho kikikosewa umepoteza kipande cha chuma cha urefu wa kidole tu. Mwendo wa mashine pia pigeni hesabu, msikisie. Chuma laini kwa kisu cha kawaida, uso wake upite kwenye kisu kama mita 25 kwa dakika, kwa hiyo fito yenye unene wa milimita 20 inazunguka karibu mara 400 kwa dakika. Shaba ya manjano unaweza kuzidisha mara mbili. Na sheria ya papa: mkono usiuachie ufunguo mpaka umetoka kwenye mandreni, ile sehemu inayoshika chuma na kuzunguka nacho. Glavu hapana, mikono mirefu hapana.

Na ninyi mnaoniandikia kuhusu kuja huku: kama umeshika mashine, hata ya mjomba, njoo na diploma yako na barua ya mkubwa wako wa kazi. Mimi sikuja na karatasi. Miaka sita napakia maboksi ghalani, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua kusoma vernia, kile kipimo cha fundi.

Mwezi uliopita nilimaliza injini yangu ya kwanza. Ni ile ambayo silinda yenyewe inayumba kufuata mkono wa pistoni, na kwa kuyumba inafungua na kuziba tundu za hewa, haihitaji vali. Silinda moja, gurudumu zito moja, kiganja kinaitosha. Haikuzunguka siku ya kwanza, nikazisugua nyuso zake mbili zinazogusana, moja kwa nyingine, jioni mbili. Kisha mwanangu akaiunganisha kwenye pampu ya baiskeli, ikazunguka.

Nikampigia papa, nikataka kumwonyesha kwa video. Umeme ulikuwa umekatika kwao, mtandao dhaifu, picha ikagoma.

"Acha picha," akasema. "Isogeze simu karibu."

Mwanangu akapampu. Papa alinyamaza muda mrefu, nasikia tu mama akikoroga chungu nyuma yake.

"Weka tone la mafuta kwenye mhimili," akasema. "Unalia."

Nikaweka.