Leo nimeukata mizizi mtini wangu

Toronto, Jumamosi, 28 Machi 2026

Mikono inauma hadi viwikoni, na kucha zina weusi ambao sabuni imeshindwa kuutoa. Niliweka nia kwamba Ramadhani ikiisha tu kazi hii naifanya, maana inataka nguvu na inatia kiu. Tena haingoji. Mtini ukishaanza kufungua macho yake ya majani, kuukata mizizi ni kuuonea. Leo asubuhi nimezipapasa ncha za matawi pale gerejini, bado zimefumba, ngumu kabisa. Nikasema basi, ni leo.

Mti huu ulianza kama kijiti cha urefu wa kalamu, mwaka 2018, zawadi ya jirani yangu, mzee wa Kiitaliano aliyekuja Kanada ujanani kutoka Calabria. Wa kwake uko ardhini. Kila Novemba huchimba upande mmoja wa shina, akaulaza mti mzima kwenye handaki na kuufukia mpaka baridi ipungue. Mimi wangu uko kwenye chungu. Majani yakishapukutika nauburuta gerejini, mahali penye ubaridi wa kuulaza usingizi lakini si wa kuuua, na ninaunywesha kikombe kimoja cha maji kwa mwezi.

Sura ya Wattini, ile ya Kurani inayoanza kwa kiapo cha tini na zeituni, niliihifadhi chuoni kwetu Tanga bila kuwahi kuiona tini wala zeituni. Baadaye nikazijua zile kavu, zilizobanwa kama sarafu, tunazofuturia pamoja na tende. Ya kwanza kuichuma kwa mkono wangu ilikuwa Septemba 2020: imeinamisha shingo yenyewe, na kitakoni limetuna tone moja kama asali. Niliila nimesimama palepale. Tangu siku hiyo mti huu una haki zake kwangu.

Na haki hizo sikuzitimiza. Mwaka 2022 niliuhamishia kwenye chungu cha lita 40, lakini donge la mizizi sikuligusa hata kidogo, kwa huruma. Nilidhani nikiujazia udongo mpya pembeni mizizi itatoka yenyewe kuufuata. Miaka ya mwanzo haikutoka. Iliendelea kuzunguka ilivyozoea, na udongo mpya ukakaa mbichi bila mnywaji mpaka ukaanza kunuka uchachu. Miaka miwili hii ya mwisho nikimwagilia, maji yanateremka pembeni na kutokea chini mara moja, huku katikati ya donge pakavu kama kifuu. Ikifika Agosti, tini changa zinadondoka zikiwa ngumu kama kokwa. Nikazidisha mbolea, na ndilo kosa ninalolijutia zaidi, maana mti haukuwa na njaa ya mbolea. Ulikosa nafasi.

Basi leo nimekilaza chungu, nikapitisha kisu kirefu kuzunguka ukingo, nikavuta. Likatoka donge zima lenye umbo la chungu, na udongo wenyewe hauonekani, ni mizizi mitupu. Mzizi mmoja mnene kama kidole gumba umelizunguka donge mara mbili na nusu, kisha ukapenya kwenye tundu la kutolea maji.

Nikashika msumeno, nikashindwa. Nikampigia Mama.

"Mama, nataka kukata mizizi ya mti wangu, naogopa utakufa."

Akanyamaza kidogo. "Kwani wewe hukumwona baba yako na miche ya migomba? Akiitoa shambani si anaimenya kwa panga mpaka tunguu linabaki jeupe? Mbona ilishika?"

Kweli. Marehemu Baba alikuwa akiimenya ile miche kuondoa fukusi, mizizi yote chini, halafu anaipanda kama hakuna kilichotokea. Nilikuwa nakaa karibu naye nikichezea maganda.

"Ikate, mwanangu. Sema bismillahi."

Nikakata. Kwanza kitako cha donge, sentimita saba au nane, kama unavyoondoa kitako cha mkate. Kisha pembeni, sentimita tano kila upande, na ule mzizi wa kuzunguka nikaufuata mpaka unapoanzia nikaukata hapo. Kwa jumla imeondoka zaidi ya nusu ya donge. Mizizi iliyo hai ndani ni myeupe. Iliyokufa ni ya kahawia na inavunjika kwa vidole. Katikati nimelegeza kwa kijiti, polepole, mpaka maji yakaweza kupenya. Glavu sikuvua hata mara moja, kwa sababu maziwa ya mtini yakikupata kisha ukaingia juani ngozi inababuka.

Udongo nimechanganya mboji, vipande vya maganda ya msonobari na perlaiti (zile punje nyeupe za kulegeza udongo), mwepesi kiasi kwamba ukiufumbata unaachia. Chungu ni kilekile. Nikaushindilia kwa kijiti kati ya mizizi pasibaki tundu la hewa, nikamwagilia mara mbili. Mbolea hapana, mpaka nione majani.

Matawi nayo nimeyapunguza, mizizi iliyobaki isielemewe. Hapo nimejinyima kitu, kwa sababu tini za mwanzo wa kiangazi huota kwenye matawi ya mwaka jana. Za Septemba huja kwenye matawi mapya, na ndizo ninazozitaka. Vijiti vitano nimevichomeka kwenye makopo ya mtindi dirishani. Viwili vina wenyewe tayari, dada zangu wawili wa hapa msikitini.

Kabla ya Isha nimeshuka tena gerejini. Sahani ya chini ya chungu imeshika maji kidogo, maji yaliyopita katikati safari hii. Udongo umeshuka kama upana wa vidole viwili. Kesho nitauongeza.